Chuma Hakipindi: Jazi ya Kisasa Inapogoma kwenye Gitaa la Mapajani

Mpiga gitaa la kawaida ana vidole vinne vya mkono wa kushoto, na kila kimoja kinaweza kwenda freti yake, yaani mstari wake kwenye shingo ya gitaa. Wewe uliyelaza gitaa mapajani una chuma kimoja kilichonyooka. Kikilala juu ya freti ya 5, nyuzi zote sita ziko freti ya 5, upende usipende. Kule Oahu, kwenye visiwa vya Hawaii, ambako Joseph Kekuku anatajwa kuanzisha upigaji huu mwishoni mwa miaka ya 1880, hilo halikumsumbua mtu. Nyimbo zilikuwa na kodi tatu au nne, na ule mteremko wa chuma ndio uliokuwa utamu wenyewe. (Kodi ninazozungumzia hapa ni za muziki, noti kadhaa zinazosikika pamoja; zile nyingine zina ofisi zake.) Jazi ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 haina huruma hiyo. Kodi moja ina noti tano au sita, kodi zinabadilika kila mapigo mawili, na nyingine hata jina lake halitamkiki.

Nimekuwa nikipanga jazi kwa gitaa hili miaka kadhaa sasa, hapa Dar es Salaam, na bendi ya watu wanne inayopiga sebuleni zaidi kuliko jukwaani. Nikitazama nyuma, karibu kila kosa nililofanya lilitoka kwenye shina moja: nilitaka gitaa libebe kila noti iliyoandikwa kwenye karatasi ya mpiga kinanda. Dalili ndizo zilizotofautiana.

Nachukulia umetyuni C6, mtindo ulioenea sana kupitia wapigaji kama Jerry Byrd. Kutoka uzi wa kwanza, yaani mwembamba, hadi wa sita: E, C, A, G, E, C. Waliokulia kwaya wahesabu kwa solfa kutoka uzi mnene: do, mi, so, la, do, mi. Kumbuka zilizokosekana, hasa fa na ti. Tutarudi kwao.

Nyuzi zinakatika kabla hujapiga noti hata moja

Hili huwakuta walioanza kama mimi: gitaa la kawaida, kipande cha mfupa au chuma kimewekwa upande wa kichwani kuinua nyuzi, na pakiti ya kawaida ya nyuzi za umeme, 10 hadi 46 (ni unene wa uzi kwa elfu za inchi). Mimi niliinunua Kariakoo, nikarudi nyumbani, nikaanza kupandisha uzi wa tano kutoka A hadi E. Ulipofika karibu na D ukakatika na kunichapa kidoleni. Nikaenda kununua mwingine, nao ukakatika vilevile. Nikalaumu duka.

Duka halikuwa na kosa. Kwa C6 uzi wa tano unapanda nusutoni saba (nusutoni moja ni freti moja) kutoka mahali ulipotengenezwa kukaa, na wa sita unapanda nane. Kwenye gitaa refu la inchi 25.5, mvuto wa nyuzi hizo unazidi mara mbili. Usipokatika uzi, utapinda mti, yaani shingo ya gitaa.

Dawa ni kuzihamisha. Uzi mnene kabisa wa pakiti uweke kando. Wa tano (36) uweke nafasi ya sita, ukae C. Wa nne (26) uweke nafasi ya tano, ukae E. Wa tatu (17) uweke nafasi ya nne, ukae G, ambapo ndipo kwao hasa. Nafasi ya tatu nunua uzi wa 17 mwingine mmoja, uupandishe hadi A. Wa pili unapanda nusutoni moja tu hadi C, wa kwanza unabaki E. Kwenye gitaa halisi la mapajani lenye urefu wa inchi 22.5 hali ni nafuu zaidi, nawe unaweza kutumia nyuzi nene kidogo ili chuma kisizame: 15, 18, 22, 26, 30, 36 ni mpangilio unaofanya kazi vizuri.

Kila unachopiga kinanukia ufukweni

Umeweka wimbo mzito wa 1965, wa kutafakari, halafu mke wako anapita na kuuliza kama ni muziki wa hoteli. Inauma.

Kuna sababu mbili, na moja ni ya mkono. Unatelezesha chuma kuingia kila noti na unakitikisa tangu noti inapozaliwa. Acha vyote viwili kwa wiki moja. Ingia freti moja kwa moja, noti ikae tuli, na ukitaka kuitikisa subiri ifike nusu ya urefu wake, kisha tikisa kidogo.

Sababu ya pili iko kwenye mpangilio. Unapiga nyuzi zote huku besi nayo inapiga do, kwa hiyo msikilizaji anasikia kodi ya sita kamili (do, mi, so, la), na kodi hiyo kwenye chuma ina anwani moja tu duniani. Mwondoe mpiga besi hapo. Weka chuma freti ya 12, piga nyuzi nne za juu tu, yaani E, C, A na G, kisha mwombe abadilishe noti yake wewe ukiwa umetulia palepale. Akipiga C, ni ufukwe uleule. Akipiga A, ni Am7. Akienda F, unasikia Fmaj9, na chumba kizima kinakuwa kipana. Akipiga D ni D9 iliyoning'inia, haina tatu (noti ya tatu ukihesabu kutoka ile ya besi), haitaki kutua. B♭ inakupa kodi angavu yenye kumi na moja iliyopandishwa. F# inakupa kitu kikali chenye tano iliyoshushwa na tisa za aina mbili, kinachouma kidogo masikioni, na ndicho unachotaka kabla ya kutua kwenye B. Mkono wako haujasogea hata milimita.

Kwa kweli jazi ya kisasa imekuwa rafiki wa chuma kuliko watu wanavyodhani. "Maiden Voyage" ya Herbie Hancock, ya mwaka huo wa 1965, inaanza na baa nne (baa moja ni mapigo manne) za kodi iliyoning'inia juu ya D, kisha baa nne juu ya F. Kwako hiyo ni freti ya 12, halafu freti ya 15. Basi. Kazi yote iliyobaki ni ya midundo: lini upige, lini unyamaze. Niliwahi kuupanga wimbo huo na kodi kamili zenye noti tano, kwa kuinamisha chuma huku na kule, na ulisikika kama mtu anayehamisha makabati.

Kodi ya saba haivuti

Unapiga G7 ili kurudi nyumbani C, lakini hakuna anayehisi kwamba kuna safari. Bendi inatua, wewe unasikika kama ulikuwa umeshafika tangu jana.

Hapa ndipo fa na ti zinapodai haki yao. Kila aliyeimba kwaya anajua mwilini mwake kwamba ti inataka kupanda do, na fa inataka kushuka mi. Zikisikika pamoja, mvuto unakuwa mara mbili. Ndani ya do, mi, so, la hakuna noti mbili zenye umbali huo kati yao. Tafuta freti yoyote, changanya nyuzi zozote, chuma kikiwa kimenyooka hutazipata. Hilo ni jambo la hesabu, usijilaumu.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupandisha uzi wa sita kutoka C hadi C#. Nyuzi nne za chini zinakuwa A7, nyuzi za 6 na 4 zinabeba ule umbali unaotafutwa, na za juu hazijaguswa. Wengi hukaa hapo maisha yao yote. Kasoro yake ni kwamba mvuto unatoka chini, kwenye eneo la besi, na ukipiga kwa nguvu unakoroga.

Ya pili ndiyo niipendayo: inamisha chuma. Piga nyuzi mbili tu, wa 3 na wa 1. Uzi wa 3 uwe freti ya 14, uzi wa 1 freti ya 13, yaani ncha ya chuma iliyo juu ya uzi mwembamba ielekee kichwa cha gitaa. Umepata B na F. Ti na fa. Uzi wa 2 ulio katikati uko freti ya 13 na nusu, usiuguse kabisa. Dole gumba lipige wa 3, kidole cha kati kipige wa 1, na cha shahada kiegemee wa 2 kuuzima.

Sasa angalia mpango mzima wa kurudi C: Dm7 freti ya 17, G7 kwa chuma kilichoinama 14 na 13, kisha C freti ya 12. Kwa kii yoyote, yaani noti yoyote iliyo nyumbani kwa wimbo, hesabu ni hiyohiyo. Nyumbani ni freti fulani. Kodi ya kuanzia iko freti tano juu yake. Kodi ya kuvuta iko mbili juu kwenye uzi wa 3 na moja juu kwenye uzi wa 1. Jifunze hili kabla ya kitu kingine chochote.

Ikisikika mbovu, pima kwa rula. Kwenye gitaa la inchi 22.5, kutoka freti ya 13 hadi ya 14 ni kama milimita 15. Kutoka ya 1 hadi ya 2 ni kama 30. Pembe ya chuma inayofaa huku juu haifai kule chini, na ndiyo maana mtu anafanya mazoezi freti ya 14 akafurahi, akishuka ya 3 anasikia paka. Panga wimbo wako ili miinamo iangukie juu ya freti ya 7. Kama kii inakukatalia, badilisha oktava ya melodi au mpe mpiga kinanda kodi hiyo.

Na ile Bm7♭5 inayowatisha watu? Freti ya 5, nyuzi za 3, 2 na 1, chuma kimenyooka. Umepiga D, F, A. Besi ikipiga B, kodi imekamilika.

Kodi za kinanda hazipo popote kwenye mti

Mfano maarufu ni zile kodi mbili za kuitikia kwenye "So What" ya Miles Davis, ya 1959. Besi inauliza, wengine wanajibu kwa kodi mbili. Kwenye kinanda cha Bill Evans, kodi ya kwanza kutoka chini ni E, A, D, G, B, na ya pili ni hiyohiyo imeshushwa toni moja. Noti zimepishana kwa umbali wa nne, nne, nne, kisha tatu kubwa juu. Nilipoteza jioni mbili nikitafuta noti zote tano. Nilishusha uzi wa kwanza hadi D, nikapata E, A, D kwenye nyuzi za 5, 3 na 1. Ilipendeza, lakini sasa melodi zangu zote nyingine zilikuwa zimevurugika, na ile B ya juu, ambayo ndiyo sikio linaifuata, haikuwepo.

Jibu lilikuwa mbele ya macho. Noti tatu za juu, D, G, B, ni nyuzi za 4, 2 na 1 kwenye freti ya 7. Za kodi ya pili, C, F, A, ni nyuzi zilezile kwenye freti ya 5. Saba, tano. Kwenye kati ya wimbo, unapopanda E♭ kwa baa nane, ni nane, sita. Zile noti mbili za chini mwachie mwenye kinanda au mpiga ridhimu; mkiwa hamna hata mmoja wao, ziache zipotee. Sijawahi kuona msikilizaji akizidai.

Melodi inateleza kama sabuni

Wenzako wanasema hawasikii noti zinaanzia wapi. Kawaida unapiga melodi nzima kwenye uzi mmoja ukikimbia na chuma juu na chini, na uzi haujazimwa chuma kinapohama.

Kwanza, kuzima. Ukingo wa kiganja cha kulia unagusa uzi, chuma kinahama, kidole kinapiga. Hatua tatu, polepole, hadi zichoshe. Vidole vya kushoto vilivyo nyuma ya chuma navyo vilale juu ya nyuzi, vinginevyo upande ule wa nyuma utakuwa unavuma wimbo wake wenyewe.

Pili, hama uzi badala ya kuhama freti. Chukua tena D ya "So What". Freti ya 5 nyuzi zako zina F, A, C na D. Freti ya 7 zina G, B, D na E. Zijumlishe: ni ngazi nzima ya D doriani, noti zote saba, kwenye freti mbili tu. Solo nzima inaweza kukaa humo. Ukifika E♭, sogeza nyumba nzima freti moja juu. Mpiga saksafoni anahangaika na vidole vipya, wewe umesogeza mkono sentimita mbili na ushei.

Matope

Kodi tatu za kwanza ziko wazi, ya nne ni uji. Nyuzi za 5 na 6 zinagombana na besi. Ondoa besi kwenye amplifaya hadi ikiwa peke yake isikike nyembamba kidogo. Ikiwa na bendi itakuwa sawa. Usizidishe noti tatu kwa mara moja. Na mkipiga na kinanda, kubalianeni nani anaitikia na nani ananyamaza katika kila baa nane.

Kila kitu kiko juu kidogo, au chini kidogo

Chuma kinakaa juu ya mstari wa freti wenyewe, wala si nyuma yake kama kidole. Na unautazama kutoka pembeni, kwa hiyo jicho linakudanganya. Inamisha kichwa utazame wima. Kama uko juu kwa toni nzima, tatizo si chuma bali karatasi: imeandikwa kwa saksafoni ya tena, ambayo ikisoma D sauti inayotoka ni C. Shusha yote freti mbili. Ya alto, noti A ndiyo C.

Kii zinabadilika upesi kuliko mkono

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike haya. "Giant Steps" ya John Coltrane, iliyorekodiwa 1959 kwa kasi inayokaribia mapigo 290 kwa dakika, inazunguka kii tatu: B, G na E♭. Wapigaji wa vyombo vyote wanaiogopa. Gitaa la kanyagio lingekuwa na namna ya kujinasua. Buddy Emmons alirekodi albamu nzima ya jazi na chombo hicho New York mwaka 1963, lakini kanyagio ndizo zilizompindia nyuzi. Sisi hatuna.

Dalili ni kwamba chuma kinaruka ovyo kama mtu anayeua mbu, na unafika kila kodi ikiwa imeshaondoka. Sababu ni kupanga kodi mojamoja. Zipange kama mteremko. B iko freti ya 11, G freti ya 7, E♭ freti ya 3, zimepishana nne kwa nne. Kati ya B na G kuna D7. Tumia hesabu ya kule juu: mbili juu ya G kwenye uzi wa 3, moja juu kwenye uzi wa 1. Ni 9 na 8. Kati ya G na E♭ kuna B♭7, nayo ni 5 na 4.

Kwa hiyo mwanzo wa wimbo, nyuzi za 3 na 1 peke yake, ni hivi: 11 imenyooka, 9 na 8 imeinama, 7 imenyooka, 5 na 4 imeinama, 3 imenyooka. Chuma kinashuka ngazi moja baada ya nyingine bila kurudi nyuma. Sikiliza uzi wa 3 peke yake: G#, F#, E, D, C, toni nzima nzima kwenda chini. Mara ya kwanza nilipoupiga nilisimama, nikafunga amplifaya nikidhani nimekosea mahali.

Shida inakuja unapokuwa 3 na F#7 inakuita kurudi B. Chini ungehitaji freti ya 1 na uzi wa kwanza ulio wazi, na chuma kilichoinama hakiwezi kuacha uzi wazi kwa usafi. Ruka juu hadi 13 na 12, kisha 11. Ni ruko kubwa, lizime kabisa kwa kiganja, na liangukie kwenye pigo la tatu la baa. Mpigaji ngoma akijua kwamba hapo utanyamaza kidogo, atakujazia.

Mimi nimefika mapigo 160. Kwa 290 bado namwachia kinanda.